Fundi Bomba

Sista Mghoi hakuuliza dini wala kabila.
Aliuliza majina.
"Wote wa miezi sita. Hata wa mara moja."
Kalamu yake ilikuwa imefungwa mezani kwa uzi
kama mbuzi wa akika.

Nikatoa simu.
Humo hamna mwanamke
ila mamangu, dada zangu wawili, na Mejumaa.
Waliobaki ni mafundi:
Fundi Bomba. Fundi Friji. Omari Matairi.
Na mmoja, Gesi Magongo,
ambaye hata uso wake siukumbuki vizuri,
nakumbuka feni yake tu, ilivyokuwa ikilia.
Sista akaandika, akasita,
akanitazama juu ya miwani:
"Nyumba yako ina mengi yanayovuja."
Hakutabasamu.

Kilianza Februari, kidonda,
wiki ile tulipokesha Kilindini tukishusha ngano.
Kidogo, kama kichwa cha kibiriti.
Hakiumi. Hakiwashi. Hakitoi usaha.
Nikakiosha kwa maji ya chumvi
na wiki ya nne kikajiendea
kama mgeni mstaarabu, asiyeomba nauli.
Nikainunulia zamu nzima mahamri na mbaazi
bila kuwaambia tunasherehekea nini.

Kumbe mgeni hakutoka.
Alivua viatu tu, asisikike,
akapita ukumbini, akasukuma pazia,
akaingia alipolala Mejumaa
na mimba yake.

Hakupiga kelele, Mejumaa.
Jioni nilifunua kawa, wali haukuwapo.
Palikuwa na kadi ya kliniki, imekunjwa mara mbili,
na neno moja limepigiwa mstari:
kaswende.

Mpira nilikuwa nao, nisidanganye.
Ulikaa kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho,
mpaka ukachapa duara kwenye ngozi
kama alama ya pete kwenye kidole cha aliyeivua.
Usiku ule, Bombolulu, pochi ilikuwa kwenye suruali,
suruali ilikuwa kwenye kiti,
kiti kilikuwa hatua mbili.
Nikamwambia Fundi Bomba, "Mimi si unanijua?"
Alikuwa amenijua tangu saa tatu.
Ilikuwa saa tano.

Nikampigia mbele ya Sista.
Nyuma ya sauti yake palikuwa na cherehani.
Nikajieleza kwa kigugumizi: kidonda, damu, njoo upimwe.
Cherehani ikasimama.
"Naitwa Nyamvula," akasema. "Mwambie aandike hivyo.
Mimi nilichomwa sindano tangu Machi.
Nilikupigia mara sita nikwambie."

Mara sita. Nazikumbuka.
Tulikuwa tunakula. Simu ikatetemeka kando ya bakuli,
ikanyamaza, ikatetemeka.
Mejumaa akauliza, "Ni nani huyo hachoki?"
Nikasema: fundi. Anataka hela.

Sindano ni mbili, kulia na kushoto.
Dawa nzito, inaingia polepole kama uji.
"Na mtoto?" nikauliza, uso ukutani.
"Tumemuwahi," akasema Sista Mghoi.
Akatupa bomba la sindano kwenye boksi la manjano.
"Nadhani."
Hiyo nadhani ndiyo niliyotoka nayo nikichechemea.

Kando ya mlango pana sanduku la mipira ya bure.
Mzee mmoja alikuwa akijichotea bila haya,
konzi nzima, kama anayechota njugu.
Nilimwonea wivu.

Mejumaa alikuwa benchini nje, amekaa upande,
naye keshachomwa kwa kosa ambalo si lake,
buibui limenasa kwenye msumari, hana habari.
Nikasimama nyuma yake, hatua mbili.
Jina lake lilikataa kunitoka mdomoni,
nikampigia.

Simu ikawaka mapajani mwake.
Miaka tisa nimekuwa humo Baba Mwanasha,
na ua dogo jekundu mbele ya jina.
Zikatokea tarakimu kumi, tupu.
Akaziangalia mpaka zikazima,
kama mtu anayejaribu kukumbuka
ni namba ya nani.